Jumamosi kumi na sita za stadi za kazi: tathmini ya mzazi kuhusu mafunzo ya vitendo kwa wanafunzi wa sekondari jijini Mbeya

Kuanzia Februari hadi mwanzoni mwa Julai mwaka 2025, binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa kidato cha tatu katika shule ya kutwa hapa Mbeya, alihudhuria mafunzo ya stadi za kazi na maisha yanayoendeshwa na kituo kimoja binafsi kisicho mbali na Mwanjelwa. Sitakitaja jina, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyaeleza ni malalamiko, na kwa kuwa wahusika walinisikiliza nilipoyapeleka kwao. Isitoshe, mafunzo ya aina hii yanatangazwa sasa kila upande wa mkoa, na nadhani mzazi atafaidika zaidi akijua mambo ya kuangalia kuliko akipewa jina moja tu. Mimi ni mtunza hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi, kwa hiyo msomaji aniwie radhi nikirudi kwenye tarakimu mara kwa mara.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi: Jumamosi kumi na sita, kuanzia saa mbili na nusu asubuhi hadi saa nane mchana, kisha wiki tatu za likizo ya Juni katika karakana au biashara ya mtu mjini, na mwisho Jumamosi moja ya kuonyesha kazi mbele ya wazazi. Ada ilikuwa Sh 240,000, inayolipwa kwa awamu mbili, ikiwa ni pamoja na chai ya saa nne, lakini bila nauli. Asubuhi wanafunzi wote, wapatao sitini, walikaa pamoja kwa somo moja, na baada ya chai kila mmoja alikwenda kwenye fani aliyoichagua kati ya ushonaji, uchomeleaji, ufundi bomba na mapishi. Binti yangu alichagua ushonaji. Kituo hupokea wanafunzi wa kidato cha kwanza hadi cha nne, lakini kwa maoni yangu kidato cha tatu ndio wakati unaofaa kuliko mwingine, kwa sababu mwaka huo hauna mtihani wa taifa, na mtoto anaweza kuzitoa Jumamosi zake bila mzazi kukosa usingizi.

Kilichonisukuma kumpeleka ni kwamba shule ilikuwa imempita kwa mwaka mmoja. Mkondo wa amali, unaomwezesha mwanafunzi wa sekondari kusomea fani sambamba na masomo ya kawaida, ulianza kufundishwa kidato cha kwanza Januari 2024 katika shule teule, kufuatia mabadiliko ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023. Yeye alianza kidato cha kwanza Januari 2023, na shule yake haina karakana. Jumamosi zake nilikuwa nikizilipia twisheni ya fizikia, ambako alikuwa akinakili maswali yaleyale aliyoyanakili shuleni siku ya Alhamisi.

Somo la asubuhi, waliloliita hesabu za maisha, ndilo lililonifanya nisiijutie ada ile. Mwalimu wake, mama wa makamo aliyewahi kuwa karani wa chama cha ushirika wa kahawa upande wa Mbozi, hakuingia darasani bila karatasi ya kweli mkononi: mkataba wa pango, risiti ya LUKU, ukurasa wa daftari la kikoba, barua ya ajira iliyofutwa majina. Jumamosi ya tatu aliwagawia hati ya mshahara, salari slipu kama tunavyoiita kazini, ya mtu anayelipwa Sh 400,000 kwa mwezi, akawauliza mtu huyo atapokea kiasi gani mkononi. Karibu darasa zima lilijibu laki nne. Wakaanza kushuka nayo mstari kwa mstari: asilimia kumi ya mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, yaani 40,000, hutoka kwanza, hubaki 360,000, ambayo ndiyo inayokokotolewa kodi, 270,000 za mwanzo hazitozwi kitu, na 90,000 zinazozidi hapo hutozwa asilimia 8, yaani 7,200. Mkononi ni Sh 352,800. Jioni ile binti yangu aliniomba hati yangu mwenyewe, akaikagua kwa peni nyekundu kama mwalimu anayesahihisha, kisha akaniuliza kama mwajiri wangu naye anapeleka sehemu yake NSSF na kama nimewahi kwenda kuhakikisha. Vijana wawili ninaofanya nao kazi, walio pale dukani kwa miaka minne, hawajawahi kuniuliza swali hilo.

Juma lililofuata walipewa mkopo. Kulikuwa na mtu wa kubuni aliyekopa Sh 100,000 kwa hawa watu wa kausha damu, yaani mikopo ya haraka yenye riba kubwa, akakatwa 10,000 ya fomu papo hapo, na kutakiwa kurejesha 6,500 kila siku kwa siku ishirini. Mwalimu hakuwahubiria chochote kuhusu mikopo. Aliwaambia wajumlishe, na wakagundua kwamba mtu huyo alipokea 90,000 na kurejesha 130,000, yaani amelipa 40,000 kwa kutumia 90,000 kwa siku zisizotimia mwezi. Kisha akawapa hatua ambayo hata mimi, mwenye cheti cha uhasibu, sikuitarajia kwa watoto wa kidato cha tatu: aliwataka waandike fedha iliyobaki mkononi mwa mkopaji kila jioni, ili waone kwamba hata hizo 90,000 hakukaa nazo siku ishirini, kwa kuwa alianza kuzirudisha kesho yake. Jedwali hilo bado limebandikwa kwenye mlango wa kabati letu, na shangazi yake aliyekuja kututembelea kutoka Tukuyu alilisoma akiwa amesimama, akanyamaza, kisha akaomba anakiliwe.

Zoezi ninaloliona kuwa bora kuliko yote, hata hivyo, ni lile la lumbesa. Msomaji wa Nyanda za Juu Kusini hahitaji kuelezwa lumbesa ni nini; kwa aliye mbali, ni gunia la viazi lililojazwa hadi mdomoni na kisha kuvalishwa kilemba cha nyavu juu, likauzwa kwa bei ya gunia moja, ingawa kisheria gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Darasa lilipelekwa mahali pa kupakilia viazi vinavyoshuka kutoka Umalila na Uporoto, likiwa na mizani ya kituo, na kwa ruhusa ya dalali mmoja likapima gunia moja. Lilikuwa na kilo 128. Bei ya siku ile ilikuwa Sh 60,000 kwa gunia, kwa hiyo mkulima anayedhani ameuza kilo kwa 600 alikuwa ameuza kwa chini kidogo ya 469, na kila gunia lilimpotezea 16,800. Kwa mtu mwenye magunia ishirini, hiyo ni Sh 336,000, fedha inayozidi ada niliyolipa mimi.

Ningeishia hapo kama zoezi lenyewe lingeishia hapo. Mmoja wa wanafunzi ni mtoto wa mkulima wa viazi. Alipeleka karatasi nyumbani, na Jumamosi iliyofuata akarudi na jibu la baba yake: hesabu ni sahihi kabisa, lakini mnunuzi akinyimwa kilemba anavuka barabara na kwenda kwa jirani, na viazi vilivyochimbwa havisubiri. Mwalimu hakumpuuza. Alitumia kipindi kizima kuuliza ni nani angeweza kukataa pamoja na nani, ghala lingegharimu kiasi gani, na viazi vinakaa siku ngapi kabla ya kuchipua, na kwa kadiri ninavyosimuliwa kipindi kiliisha bila jibu. Nimekuwa katika semina za watu wazima, zenye posho na chakula cha mchana, ambazo hazikuthubutu kufika kwenye swali hilo.

Sasa nije kwenye ushonaji, ambako palitokea jambo lililonionyesha thamani halisi ya mafunzo haya. Kila fani ilitakiwa kupokea kazi za wateja wa kweli kuanzia Jumamosi ya sita. Kundi la mapishi liliuza maandazi na chai getini, ufundi bomba walitengeneza koki za majirani, na washonaji walipokea sare za shule. Binti yangu alipewa sketi ya marinda ya mtoto wa darasa la nne, kwa Sh 12,000. Alipima kiuno sentimeta 62, akakigawa kitambaa kwa marinda kumi na manane, akayapiga pasi yakanyooka kama mistari ya daftari, na akajisahau: hakuacha nafasi ya mshono wa ubavuni wala ya zipu. Sketi ikatoka na kiuno cha sentimeta 57.

Fundi aliyekuwa akiwasimamia aliiona kasoro hiyo, kwa maelezo yake mwenyewe, tangu marinda yalipokuwa yakibanwa kwa pini, na alinyamaza makusudi. Mama mwenye mtoto alikuja saa nne na mtoto wake, sketi ikajaribiwa pale pale mbele ya darasa, na haikufunga. "Mwanangu," alimwambia binti yangu kwa upole, "umeshona vizuri, ila hii si ya huyu." Akaikunja, akairudisha mezani, akasema atapita tena saa nane. Binti yangu aliketi akafumua marinda yote kumi na manane, moja baada ya jingine, kwa wembe, akapunguza takriban milimita tatu kwenye kila rinda, akabana upya, akashona, kisha akahangaika na mikunjo ya zamani iliyokuwa haitaki kuondoka hadi alipofundishwa kuweka kitambaa chenye unyevu juu na kukandamiza pasi bila kuisukuma. Mteja aliporudi, kiuno kilifunga na kubakiza nafasi ya kidole kimoja. Walipokokotoa mapato, kitambaa kilikuwa kimechukua 7,200, zipu 500 na uzi 300, na ikabaki 4,000 ya ufundi. Binti yangu aliuliza saa tatu za kufumua zinalipwa na nani. Fundi akamjibu, "Wewe."

Mimi nilisoma sekondari Rungwe, na shule yetu ilikuwa na shamba. Elimu ya Kujitegemea, sera aliyoitoa Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ilitaka kazi ya mikono iwe sehemu ya masomo, na kwa nia hiyo hakuna wa kuibeza. Kilichotufikia sisi, miaka mingi baadaye, kilikuwa jembe. Tulilima mahindi kwa zamu, waliochelewa walilima kwa adhabu, na mavuno yalipopakiwa hakuna mwanafunzi aliyejua yaliuzwa kwa bei gani, mbolea iligharimu kiasi gani, wala kama shamba lile liliingiza faida au hasara. Hakukuwa na mtu wa kuja na kusema mahindi haya ni mabovu, siyachukui. Nikilinganisha shamba lile na sketi ile, naona kwamba jasho lilikuwa kwetu zaidi, lakini kazi ya binti yangu ilikuwa na mwenyewe, mtu mwenye haki ya kuikataa mbele ya watu, na ukokotozi wa faida na hasara ulifanywa na aliyeishona. Tangu hapo, nikiulizwa na mzazi mwenzangu kama kituo fulani kinafundisha kwa vitendo, sianzi kuhesabu cherehani. Nauliza kazi za wanafunzi zinakwenda kwa nani, na mtu huyo akizikataa kinafuata nini.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Kompyuta zilikuwa saba kwa darasa zima, na Jumamosi mbili umeme ulikatika, kwa hiyo somo hilo lilikuwa la majina ya vitufe. Barua za kuomba kazi walizofundishwa zilikuwa za kunakili, zenye maneno makubwa ambayo mwajiri yeyote wa hapa mjini anayatambua kuwa si ya mtoto. Mgeni mzungumzaji aliyealikwa kufundisha ujasiriamali alitumia saa mbili kueleza alivyoanza na mtaji wa shilingi elfu tano, bila kutaja hata mara moja alinunua nini na aliuza kwa bei gani. Vijana walimpigia makofi, na sidhani kama kuna aliyeandika mstari mmoja. Uchomeleaji ulinitia wasiwasi zaidi: nilihesabu miwani mitano kwa wanafunzi kumi na mmoja, na nikamwona kijana mmoja akitazama mwanga kwa kufumba jicho moja. Nilimwambia mratibu siku ileile, na mwezi uliofuata miwani ilikuwa imefika kumi na miwili. Nakiri kwamba nilifurahi kuona wasichana wawili katika kundi hilo, na kijana mmoja kwetu kwenye ushonaji, ambaye pindo zake, kwa maneno ya binti yangu, zilikuwa nyoofu kuliko za wote.

Malalamiko yangu makubwa yanahusu zile wiki tatu za Juni, ambazo kwenye tangazo la kituo ndizo zilizoandikwa kwa herufi kubwa kuliko mengine yote. Binti yangu alipangiwa kwa fundi cherehani mwenye wasaidizi watatu. Wiki nzima ya kwanza alipiga pasi, akafagia vipande vya kitambaa, akafuata chapati na kuwapelekea wateja mizigo hadi kwenye bajaji. Sina ugomvi na kufagia. Anayeingia karakana yoyote huanza na ufagio. Lakini siku ya sita nilipita pale nikitoka kazini, nikaona hajagusa cherehani hata kwa kujaribu tu, nikamsalimia fundi na kumuuliza kwa adabu mpango ukoje.

Jibu lake lilinifanya nione kwamba kosa halikuwa lake. "Mama, mimi nimeletewa mtoto wa watu na barua yenye muhuri, basi," alisema. "Hakuna aliyeniambia anajua nini na anatakiwa ajue nini. Na nikimpa kitambaa cha mteja akakiharibu, nani analipa?" Niliisoma barua ile. Ilikuwa na salamu, jina la mwanafunzi, tarehe mbili na shukrani za dhati. Kituo kilichowafundisha watoto kukokotoa milimita tatu za rinda kilikuwa kimemkabidhi fundi mwanafunzi bila kumwambia kwamba anajua kubana marinda, na kilikuwa kimelisahau swali lile lile ambalo kwenye karakana yake yenyewe kilikuwa kimelijibu vizuri, la nani anabeba hasara kazi ikikataliwa. Pale kituoni kulikuwa na mfuko mdogo wa fani. Kwa fundi kulikuwa na mfuko wa shati lake tu.

Nilikwenda kwa mratibu kesho yake nikiwa na maneno mengi, nikayatumia machache, kwa kuwa alielewa haraka. Ndani ya siku mbili fundi alipelekewa ukurasa mmoja wenye orodha ya kazi ambazo binti yangu alikwisha kuzifanya, kazi tano ambazo alitakiwa kuzifanya kabla ya kumaliza, na ahadi ya maandishi kwamba kituo kitafidia kitambaa kitakachoharibika hadi Sh 20,000. Kuanzia hapo mambo yalibadilika. Wiki ya pili alipewa pindo na vifungo, ya tatu akaweka zipu na kushona sketi nne kuanzia kukata hadi pasi, na fidia ile haikuhitajika. Hata hivyo ninasisitiza kwamba wiki moja kati ya tatu ilipotea, na kwamba iliokolewa na mzazi aliyekuwa na nafasi ya kupita njia ile. Kwa niliyoyasikia siku ya maonyesho, wenzake waliopangiwa mbali zaidi walirudi wakiwa wamejua vizuri mahali chai inapouzwa.

Kwa upande wa usalama, niseme kwamba kituo kilitimiza wajibu. Mzazi alitia saini fomu ya ridhaa, na waliochagua uchomeleaji hawakupelekwa kwenye karakana za nje, kwa maelezo kwamba Sheria ya Ajira na Uhusiano Kazini ya 2004 inamruhusu mtoto aliyetimiza miaka 14 kufanya kazi nyepesi tu, na inakataza aliye chini ya miaka 18 kuwekwa kwenye kazi za hatari. Baadhi ya wazazi walinung'unika. Mimi niliona ni sawa.

Cheti ndicho kitu ambacho ningependa wazazi wasikinunue. Tangazo linasema kinatambulika, neno ambalo halimalizii kutambulika na nani. Nilimuuliza mratibu, na kwa uungwana wake hakunizungusha: ni cheti cha kuhudhuria, hakina uhusiano na VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, na hakimwingizi mtu popote. Katika kikao cha kwanza tulikuwa tumeambiwa kwamba mpangilio wa kituo umeigwa kwa sehemu kutoka jimbo la Victoria nchini Australia, ambako wanafunzi wa miaka miwili ya mwisho ya sekondari wanaweza kusomea cheti cha ujifunzaji wa vitendo chenye kusoma na kuandika, hesabu, stadi za kazi na maendeleo binafsi. Nilipofuatilia nikaona kwamba ni kweli, na kwamba kule cheti cha awali kiliitwa VCAL, hadi mwaka 2023 nafasi yake ilipochukuliwa na VCE Vocational Major. Lakini huko mwanafunzi hana budi pia kumaliza saa zisizopungua 180 za mafunzo ya ufundi yanayotambulika rasmi, na hicho ndicho kipande ambacho kituo chetu hakikukiiga. Walichukua viungo vinne na kuacha uti wa mgongo. Mtoto anayetaka karatasi yenye uzito atalazimika kwenda VETA, ama kwa kozi, ama baadaye kwa utaratibu wao wa kurasimisha ujuzi alioupata mtu nje ya mfumo rasmi. Nasi tukubali kwamba kwa Sh 240,000 tumenunua ujuzi, siyo karatasi.

Kwa mzazi anayefikiria kumwandikisha mwanawe, iwe hapa, Iringa au Njombe, ushauri wangu ni kuomba mambo mawili kabla ya kutoa fedha. La kwanza ni kuhudhuria Jumamosi moja asubuhi, bila miadi, na kukaa nyuma. La pili ni kuonyeshwa barua wanayoipeleka kwa mafundi wa mjini. Ikiwa ina salamu na muhuri peke yake, lipa awamu ya kwanza na uzuie ya pili hadi iandikwe upya. Mdogo wake binti yangu anataka ufundi bomba, naye ataingia akifika kidato cha tatu, kwa masharti hayohayo. Twisheni ya fizikia tuliirudisha Julai, siku za Jumatano, na sijaona kama ilipungukiwa na lolote kwa kusubiri.

Mwishoni mwa Novemba yule fundi alinipigia simu. Msimu wa sare ulikuwa unaingia, maagizo ya Januari yalikuwa yameanza kurundikana, na alitaka kujua kama binti angeweza kumsaidia marinda wakati wa likizo. Nilimpa simu mwenyewe azungumze naye. Akamwamkia shikamoo, akasikiliza, akasema asante fundi, na kabla ya kukubali akamuuliza ni kiasi gani kwa sketi moja, na ikiharibika inakuwa ya nani.